Kuacha tramadoli: kukata mara moja, kupunguza, methadoni au soba hausi?

Msimu ule wa karafuu nilikuwa juu ya mkarafuu, nje kidogo ya Wete, Pemba, tawi likakatika nikaja nalo chini. Paja la kulia likavunjika. Nikatiwa chuma, na siku ya kutoka hospitali nikapewa tramadoli, kapsuli za miligramu 50, moja kila baada ya saa nane. Maumivu yalikuwa ya kweli na dawa ilikuwa ya haki yake. Tatizo ni kwamba mfupa uliunga mapema kuliko mimi nilivyoacha kumeza. Mwaka mmoja baadaye nimeshahamia Unguja kwa mama mkubwa, Mpendae, natembea bila mkongojo, na nameza kapsuli kumi kwa siku. Nilizinunua bila cheti cha daktari, leo dirisha hili kesho lile, ili muuzaji asinizoee sura.

Kapsuli kumi ni miligramu 500. Kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 400.

Nilipotaka kuacha, kila niliyemuuliza alikuwa na njia moja tu, nayo ni ile aliyopita yeye. Aliyetoka soba, yaani nyumba ya wanaoacha, aliniambia nenda soba. Binamu yangu, ambaye alikuwa akila unga, yaani heroini, na sasa anakunywa methadoni, dawa ya kliniki ya kuachia unga, aliniambia hakuna kama methadoni. Barazani wakanambia jifungie siku tatu, kaza roho, wewe si mwanamume? Basi hapa naziweka njia zote nne mkeka mmoja. Mbili nimezipima kwa mwili wangu, mbili nimeziona kwa karibu kwa watu wangu.

Kwanza hesabu pakiti

Tramadoli, kodeini, mofini na heroini ni ukoo mmoja. Zote zinabisha mlango mmoja ndani ya ubongo. Ukizitumia kwa wiki nyingi mwili unajipanga upya ili uishi nazo, na ukiziondoa ghafla kila kilichokuwa kimelazwa kinaamka kwa pamoja: utumbo, jasho, usingizi, hofu. Hiyo ndiyo arosto. Watu hudhani arosto ni ya wala unga peke yao. Mimi sijawahi kuugusa unga, na arosto naijua vizuri.

Lakini ndani ya ukoo huo kila mmoja ana tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua njia gani ikufae. Tramadoli ina mkono wa pili: mbali na ule mlango, inagusa pia serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo, kama zinavyofanya baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo ukiikata ghafla unaweza kupata arosto mbili kwa mpigo. Moja ni ile ya kawaida ya kuharisha na mafua. Nyingine ni ya kichwani: hofu inayokaba, ganzi na mchonyoto mikononi, kuchanganyikiwa, na kwa baadhi ya watu kusikia au kuona visivyokuwepo. Juu ya hapo tramadoli ikizidi huweza kuleta degedege, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Hatari hiyo hupanda ukiwa unameza pamoja nayo amitriptilini, ambayo wengi wetu hupewa kwa maumivu ya mgongo na mishipa, au dawa nyingine za sonona.

Kodeini ina mtego tofauti. Mara nyingi haiko peke yake kwenye kidonge. Imefungwa na panadoli au na ibuprofeni. Mtu anayemeza vidonge ishirini kwa siku akiitafuta kodeini, huku nyuma anajimiminia panadoli gramu nyingi, na panadoli ikizidi gramu 4 kwa siku ini liko hatarini. Huyo asianze kwa kujiuliza aache vipi. Aanze kwa kupimwa ini. Ibuprofeni nayo hutoboa tumbo na kuchosha figo.

Na kama mzee wako ana saratani anakunywa mofini kwa amri ya daktari, tafadhali ulinganisho huu haumhusu. Mwili kuizoea dawa si sawa na uraibu, na kumnyima mgonjwa mofini kwa kuogopa "atazoea" ni dhuluma.

Kukata mara moja, au kupunguza

Nilianza na kukata. Kapsuli ya mwisho niliimeza Alhamisi baada ya Isha. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa napiga miayo tu, nikajiambia kumbe si kitu. Alasiri macho yakaanza kutoa machozi, pua ikafunguka kama bomba, vinyweleo vikasimama kwenye joto la Mpendae. Jumamosi ndiyo niliyokuja kujua. Tumbo lilisokota, nikaharisha na kutapika, mapigo ya moyo niliyasikia masikioni. Miguu haikukubali kutulia. Nikiilaza inaruka, nikisimama haina nguvu. Usiku wa Jumapili nikasikia watu wanazungumza juu ya bati. Nikamuamsha mama mkubwa nimwambie wezi wameingia. Hakukuwa na mtu. Yeye akaamini nimeingiwa, akapeleka habari msikitini nije kusomewa. Jumatatu asubuhi nilitoka nikanunua pakiti, nikameza nne kwa pamoja barabarani bila maji.

Kwa dawa za muda mfupi kama tramadoli na kodeini, ratiba ya mwili ni hiyo kwa wengi: dalili huanza ndani ya saa 8 hadi 24, kilele ni siku ya pili na ya tatu, na kati ya siku ya nne na ya kumi sehemu kubwa ya dhoruba hupita. Mimi niliondoka kileleni, palepale penye ukali wote. Laiti ningelijua kilele ni siku ya tatu, huenda ningevumilia ya nne. Huenda. Baada ya hapo hubaki usingizi mbovu, moyo kuwa mzito na hamu inayokuja na kuondoka, wiki nyingi, wengine miezi.

Sifa ya kukata mara moja ni fupi: haina gharama, haina cheti, na haihitaji mtu kujua. Kwa aliyetumia dozi ndogo kwa wiki chache, akiwa na mtu ndani ya nyumba, inaweza kutosha. Arosto ya ukoo huu peke yake huua kwa nadra. Kinachoua ni yale yanayoizunguka. Kwanza ni kukaukiwa maji kwa kutapika na kuharisha. Pili ni lile ambalo halizungumzwi barazani: ukikaa wiki mbili bila dawa mwili unasahau uvumilivu wake wa zamani. Ukirudi na zile kumi ulizozizoea, kwa mwili huu mpya zinaweza kuwa ni sumu. Pumzi hupungua polepole mpaka zikome. Ukimkuta mtu amelala haamshiki, anavuta pumzi chache, midomo imebadilika rangi na mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, mlaze ubavu na mbio hospitali. Ipo sindano ya naloksoni ya kumrudisha. Usimmwagie maji ukingoje azinduke.

Wapo ambao kukata mara moja kwao si chaguo hata kidogo. Mjamzito, maana arosto kali humfikia na mtoto, na kwake tiba inayokubalika ni kubadilishiwa dawa chini ya uangalizi. Mwenye kifafa. Mwenye ugonjwa wa moyo. Anayemeza pamoja nayo valiamu, dawa ya kutuliza hofu na kuleta usingizi, kwa sababu valiamu nayo ikikatwa ghafla huleta degedege, na hizo mbili haziachwi kwa mkupuo mmoja. Na aliyevuka miligramu 400 za tramadoli, kama nilivyokuwa mimi. Kwa maneno mengine, nilifuata ushauri wa baraza katika hali ambayo baraza halikutakiwa kusema kitu.

Kupunguza ni habari nyingine kabisa. Nilikwenda kwa daktari nikiwa na aibu iliyonifunga mdomo, nikamwambia nameza nne. Akanitazama. Nikasema kumi. Hakunikaripia. Alichotaka ni hesabu, si sababu.

Kanuni aliyonieleza ndiyo inayotumika kwa wengi: aliyetumia zaidi ya mwaka hupunguza karibu asilimia 10 kwa mwezi, aliyetumia kwa muda mfupi anaweza kwenda haraka, hata asilimia 10 kwa wiki. Kwangu alitaka nishuke kutoka kumi hadi nane upesi, chini ya macho yake, kwa ajili ya degedege. Kisha kapsuli moja kila wiki mbili mpaka nne. Kisha moja kila wiki nne. Ukiangalia utaona kwa nini mwendo unapungua chini: kutoka nane kwenda saba umeondoa moja ya nane, kutoka mbili kwenda moja umeondoa nusu. Watu huanguka hapo, kwenye vidonge viwili vya mwisho, wakishangaa kwamba "nimeshamaliza safari, mbona sasa ndiyo naumwa?" Ikifika moja kwa siku, kinachorefushwa ni masafa kati ya moja na nyingine, mpaka unajikuta siku imepita hukumeza.

Hesabu yangu si cheti chako. Na usijaribu kujitengenezea nusu kwa kukata au kusaga vile vidonge vya kutoa dawa polepole. Ukivivunja, dawa ya saa kumi na mbili inakuingia mara moja.

Sasa, udhaifu wa kupunguza. Unampa mlevi funguo za ghala umwambie ajipimie. Mimi peke yangu nisingeweza, nasema wazi. Kilichoniokoa ni kasha la mama mkubwa, lile la misumari ya shaba alilokuja nalo siku ya harusi yake, lenye ufunguo mmoja anaoufunga kwenye ncha ya kanga. Vidonge vya wiki vilikaa humo. Kila asubuhi naenda barazani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunisalimu au umekuja kwa kasha?"

Alikuwa hajui kusoma jina la dawa, lakini kuhesabu alijua, na hakuwahi kunipa ya kesho leo. Nilimlilia, nilimtukana siku moja, Mungu anisamehe. Idi ilipokaribia nikakwama kwenye tatu kwa mwezi mzima, daktari akasema kaa hapo, kukwama si kurudi nyuma. Yote kwa yote ilichukua miezi saba hivi. Usiku mbaya nilikuwa nao, lakini sikusikia tena watu juu ya bati.

Ukiniuliza kati ya hizi mbili kwa mtu wa tramadoli, sioni ushindani. Kukata ni siku kumi za moto na mlango wa kurudi uko wazi. Kupunguza ni miezi ya uchovu, lakini unafanya kazi, unaswali na watu, unalala japo kidogo. Sharti ni moja: lazima pawe na mtu wa kushika ufunguo. Kama nyumba yako haina mtu huyo, usijidanganye, soma njia mbili zinazofuata, kwani zote mbili kwa namna yake ni kumkabidhi mwingine ufunguo.

Methadoni

Tanzania ilianza tiba hii Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafungua yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Jina la mahali ndiyo kikwazo cha kwanza. Kwetu ukimwambia mtu "wewe wa Kidongo Chekundu" umeshamtukana, maana ndiyo hospitali ya wagonjwa wa akili. Binamu yangu alizunguka miezi akikataa kuonekana akishuka kituo kile. Sasa anashuka kila siku na salamu anawapa wanaomtazama.

Methadoni ni dawa ya ukoo uleule, ila inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Inakunywewa mara moja kwa siku, kwa maji, mbele ya mtoa dawa. Dozi ikishakaa sawa haileweshi. Inazuia arosto na kuipoza hamu, mtu akaenda zake kazini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu haiuzwi, hutolewa bure. Ushahidi wake ni mzito kuliko wa njia nyingine yoyote hapa: aliye ndani ya tiba hii hatari yake ya kufa ni ndogo sana ukimlinganisha na aliye nje. Hatari hurudi kupanda mtu akitoka ghafla, na pia wiki za mwanzo kabla dozi haijakaa, maana inajikusanya mwilini kimyakimya. Aliyekunywa leo akaona haimtoshi, akaongeza valiamu au pombe jioni, anaweza asiamke.

Je, inafaa kwa mtu wa vidonge? Kliniki hizi ziliundwa hasa kwa wala heroini, na huko ndiko zinakong'aa. Kama unachanganya vidonge na unga, kama unajidunga, au umeshaacha ukarudi mara tatu nne, nenda ukapimwe bila kusita. Lakini kama ni tramadoli peke yake, methadoni ni kumtafutia panya paka mkubwa mno. Daktari anaweza kuamua hukuihitaji, na ana sababu: kuiacha methadoni kuna arosto yake, inachelewa kuanza na inakaa muda mrefu kuliko ya tramadoli. Ni ndoa, si uchumba. Binamu yangu ameoa na ameridhika. Mimi nisingeridhika.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, huimaliza methadoni mwilini haraka. Mtu anaanza dozi ya TB, arosto inarudi, anadhani methadoni imechakachuliwa. Waambie wote wanaokutibu unakunywa nini.

Kikwazo kikubwa ni safari. Kila siku maana yake ni kila siku, mvua ya masika na sikukuu, mpaka waridhike nawe ndipo ufikiriwe dozi ya kuchukua nyumbani. Wa Jang'ombe anatembea kwa miguu. Wa Nungwi anahesabu nauli. Ndugu zangu wa Micheweni na Konde kule Pemba, msipande meli kutoka Mkoani kwa kukisia. Anzieni hospitali ya Chake Chake au Wete, mueleze mnachotumia, muelekezwe.

Soba hausi

Hapa Unguja soba imekuwa neno la Kiswahili. Ni nyumba ambamo waliokuwa wakitumia wanawasaidia wanaoacha. Unaingia, simu inakaa kando, unaishi humo miezi kadhaa kwa ratiba: kuamka Alfajiri, usafi, vikao, kupika kwa zamu. Vikao vyenyewe vinafuata hatua kumi na mbili za Narcotics Anonymous, jumuiya iliyoanzia Marekani mwaka 1953, lakini ukikaa ndani utaona zimeshavaa kanzu. Serikali nayo ina kituo chake cha tiba na marekebisho ya tabia, Kidimni.

Sifa ya soba ni ile ambayo daktari hana ya kukupa: watu. Rafiki yangu, ambaye alikunywa dawa ya kikohozi ya kodeini mpaka akauza baiskeli ya mtoto, anasema alipona siku aliyomsikia mtu mwingine akisimulia uongo uleule aliokuwa akimsimulia mkewe. Kwa uraibu ulioharibu nyumba, wa kuiba na kudanganya, hii inaingia mahali ambapo kidonge hakifiki. Mimi sikuiba, nilinunua tu. Ndiyo maana labda sikuihitaji, au ndivyo ninavyopenda kujiambia.

Udhaifu wake ni wiki ya kwanza. Nyumba nyingi arosto unaipita kwa maji, uji na wenzako wa kukukandakanda miguu. Kwa unga inavumilika. Kwa tramadoli ya dozi kubwa, au aliyechanganya na valiamu, nataka kujua kwanza nani atanishika nikipata degedege saa nane za usiku. Kuna nyumba moja, sitaitaja, ilimpokea kijana wa mtaa wetu bila kumuuliza alikuwa akimeza nini na kiasi gani. Walimrudisha kwao siku ya nne amejing'ata ulimi. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: mna daktari mnayemwita? Mnapima kabla ya kumpokea mtu? Michango ya familia ni kiasi gani na kwa miezi mingapi? Jibu la "usijali, tumezoea" halitoshi.

La pili ni siku ya kutoka. Umekaa miezi mwili umesafika, uvumilivu umekwisha, unarudi kijiwe kilekile. Narudia kwa sababu tumezika: dozi ya zamani kwa mwili mpya. La tatu, nyingi ya nyumba hizi ni za wanaume. Mwanamke mwenye uraibu wa vidonge, na wapo wengi kuliko tunavyokiri, mara nyingi hubaki na daktari na kupunguza nyumbani, jambo ambalo kwa tramadoli si hasara.

Kombe, mitishamba na mwezi wa Ramadhani

Kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, nimekunywa, na dua nimeombewa, na sina la kulaumu. Nililala usiku ule. Halishindani na njia yoyote kati ya hizi, linakwenda nazo pamoja. Ninalolikataa ni mitishamba ya kutapisha na kuharisha kwa mtu ambaye tayari anatapika na kuharisha, na ninaikataa minyororo. Kuhusu Ramadhani, wengi husema nitaacha mwezi mtukufu. Nia njema, ila siku tatu za kilele ndizo unazohitaji maji kila saa. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Anza Shaabani, au ngoja Mfunguo Mosi.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa siri, kupunguza ndiyo ya kwanza. Hata majirani zetu hawakujua. Kukata mara moja hudhaniwa ni siri, lakini hakuna siri kwenye nyumba ya choo kimoja. Methadoni na soba mtaa utajua, na mtaa ukishajua una kazi moja, kusema, nayo haikai zaidi ya miezi mitatu.

Kwa fedha, kupunguza ni bei ya vidonge inayoshuka kila mwezi, raha yake hiyo. Methadoni ni nauli. Soba ni mzigo wa familia nzima, na ni vyema familia ikae kikao kwanza kuliko mtoto mmoja kuahidi.

Kwa kazi, dereva wa daladala au fundi wa juu ya paa asianze njia yoyote bila likizo ya wiki mbili za kwanza. Mtu anayesinzia, na mtu asiyelala, wote hawafai kwenye usukani.

Kwa maumivu ya asili, ambayo watu huyasahau: kama mguu au mgongo bado unauma, soba na kukata havina jibu lake. Katika kupunguza, daktari huyapangia maumivu dawa za ukoo mwingine na mazoezi. Nusu ya maumivu yangu ya paja, niligundua, yalikuwa ni arosto ndogo ya kila asubuhi inayojivika sura ya mfupa.

Na kwa vyovyote utakavyochagua, wiki ya mwanzo ni ileile. Maji ya ORS. Kama hayapo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Uji mwepesi. Panadoli kwa kipimo. Loperamidi kwa kuharisha, kwa kiasi kilichoandikwa na si zaidi, kwani ikizidi inavuruga moyo. Klonidini hupunguza jasho na mpapatiko, lakini inashusha presha, hivyo ni ya daktari. Valiamu ya kuazima kwa jirani usiiguse.

Mimi ningezigawa hivi. Wiki chache, dozi ndogo, mwili mzima, mtu yuko nyumbani: kata, au punguza kwa wiki mbili tatu. Miezi au miaka ya vidonge, kuna mtu wa kushika ufunguo: punguza. Miaka ya vidonge, hakuna mtu, au nyumba yenyewe ndiyo kijiwe: soba, ila baada ya daktari kukupitisha. Unga umo ndani: Kidongo Chekundu. Mjamzito: hospitali kabla ya kuacha hata kidonge kimoja.

Siku ya kwenda kwa daktari, beba pakiti tupu. Usiondoke na maneno peke yake, kwa sababu maneno yatapungua njiani kama yangu yalivyopungua kutoka kumi hadi nne. Mimi sikubeba kitu, na daktari alinirudisha nyumbani kuzifuata. Nilizitoa chini ya godoro, nikazijaza mfuko wa plastiki, nikapanda nazo daladala nikiwa nimeukumbatia kifuani ili usipige kelele.